Chuku na Kichupa: Historia ya Utupu Uchukuao Damu

Neno chuku lina maana mbili katika lugha yetu. Maana ya kwanza ni pembe ya mnyama iliyotobolewa nchani, ambayo mumishi huibandika juu ya ngozi iliyochanjwa kwa wembe ili atoe damu ya mgonjwa. Maana ya pili ni maneno yaliyozidishwa. Asimuliaye zaidi ya yaliyotokea husemwa kwamba amepiga chuku. Wengi wa vijana wetu waijua maana ya pili tu, nao hushangaa waambiwapo kuwa kulikuwa na chuku ya kushikwa mkononi. Katika makala haya nataka kuirejesha ile maana ya kwanza, kwa kuwa ndani ya pembe ya mumishi mna kanuni ileile ifanyayo kazi leo katika kichupa kidogo chenye kizibo cha rangi, ambacho fundi wa maabara hukitumia kuchukua damu ya mgonjwa. Hata hivyo ile maana ya pili nayo tutaihitaji kabla hatujafika mwisho.

Tuanze na kazi yenyewe. Mumishi akiisha kuibandika pembe juu ya ngozi, huivuta hewa kwa kinywa chake katika tundu la nchani, kisha huliziba tundu lile kwa nta. Ngozi huvimba ndani ya pembe, na damu huja polepole mahali palipoachwa na hewa. Waarabu huiita kazi hii hijama, nao Wayunani wa zamani waliifanya kwa vikombe na kuitaja katika vitabu vya uganga vilivyoitwa kwa jina la Hippocrates. Mataifa haya yote yaliona jambo moja, ya kwamba mahali palipotolewa hewa hapakai bure. Lakini kuona jambo ni kitu kimoja, na kujua sababu yake ni kitu kingine.

Sababu ilijulikana katika karne ya 17. Mwaka 1643 Mwitalia Evangelista Torricelli alishughulika na bomba la kioo lililojazwa zebaki na kupinduliwa katika bakuli. Zebaki ilishuka kidogo ikasimama kwa urefu wa sentimita 76 hivi, na juu yake pakabaki nafasi isiyokuwa na hewa. Torricelli alifahamu kwamba zebaki haikuinuliwa na nafasi ile. Ilisukumwa kutoka nje na uzito wa hewa iliyoukalia uso wa bakuli. Baada yake Mjerumani Otto von Guericke aliunganisha nusu mbili za tufe la shaba, akaitoa hewa iliyokuwamo, na mwaka 1657 katika mji wa Magdeburg farasi 16, wanane kila upande, walishindwa kuzitenganisha. Hapo ilikuwa wazi kwamba utupu, au ombwe kama wanasayansi wetu walivyozoea kusema, hauna mkono wa kuvutia kitu. Nguvu i nje yake. Kitu huingia ndani ya utupu kwa sababu kinasukumwa, na ndani hapana cha kukizuia. Kwa hiyo neno «kuvuta» tulitumialo hapa, kama tulitumiavyo tunywapo maji ya dafu kwa mrija, ni neno la urahisi tu.

Kanuni ni moja, lakini nia ya mumishi na nia ya maabara ni mbali kama mashariki na magharibi. Mumishi hutoa damu ili aitupe. Elimu aliyoifuata, na ambayo Galen aliitia nguvu katika karne ya 2, ilihesabu kwamba mwili una maji manne, na ugonjwa ni kuzidi kwa moja juu ya mengine. Basi damu iliyozidi au iliyoharibika yafaa kumwagwa. Maabara huchukua damu ili iulizwe. Mabadiliko haya ya nia yalikuwa makubwa kuliko mabadiliko ya chombo chochote. William Harvey wa Uingereza alichapisha mwaka 1628 hoja zake kwamba damu huzunguka mwilini ikisukumwa na moyo, na kwa muda wa karne mbili na zaidi baada yake wataalamu walijifunza kidogo kidogo kuwa damu hiyo moja izungukayo huchukua habari za kila kiungo ipitacho. Tone lililotoka mkononi laweza kutoa habari za ini, za figo na za mifupa. Damu ikawa shahidi badala ya kuwa mshitakiwa.

Lakini shahidi huyu ni mwepesi wa kubadilika. Damu itokapo mshipani huanza kuganda kwa muda wa dakika chache. Ikisukumwa kwa nguvu katika sindano nyembamba, chembe zake nyekundu hupasuka na kumwaga yaliyomo ndani yake. Ikiachwa kwa saa nyingi, chembe hizo hula sukari iliyomo, hata kipimo cha sukari kikawa cha uongo. Basi historia ya kichupa ni historia ya kumhifadhi shahidi asibadili maneno yake njiani kutoka kitandani hadi maabarani.

Chombo cha kwanza kilichofaa kwa kazi hii kilikuwa bomba la sindano. Mwaka 1853 Mfaransa Charles Gabriel Pravaz na Mskoti Alexander Wood, kila mmoja kwa upande wake, walitumia bomba lenye sindano ya tundu. Mwisho wa karne ile nyumba ya Luer mjini Paris ikatoa bomba la kioo kitupu, ambalo liliweza kuchemshwa na kutumiwa tena. Kwa miaka mingi hivi ndivyo hospitali zilivyofanya kazi: sindano zilichemshwa, zikanolewa kwa jiwe zilipofifia makali, zikachemshwa tena. Fundi aliivuta damu kwa kuuvuta mti wa bomba, akaiondoa sindano mkononi mwa mgonjwa, akaisukuma damu katika kichupa kilicho wazi. Kila hatua ilikuwa na hatari yake. Akivuta kwa nguvu, mshipa ulijikunja. Akisukuma kwa nguvu, chembe zilipasuka. Akichelewa, damu iliganda ndani ya bomba. Tena damu ilimwagika juu ya vidole vyake, nayo sindano isiyochemshwa sawasawa ilihamisha maradhi ya mtu mmoja kwa mwingine.

Aghalabu husemwa kwamba kichupa cha utupu kilibuniwa na Joseph Kleiner wa Marekani katika miaka ya 1940. Maneno haya ni kweli kwa sehemu. Mwaka 1912 mganga Albert Keidel, naye wa Marekani, alikuwa ameeleza kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa na kuzibwa kwa moto, kikaunganishwa na sindano kwa mpira. Sindano ikiisha kuingia mshipani, mganga aliivunja ncha ya kioo ndani ya mpira ule, na damu ikaingia yenyewe. Haja iliyokuwako ni kipimo cha kaswende kilichotolewa na August von Wassermann na wenzake mwaka 1906, ambacho kilihitaji damu ya watu wengi. Kwa hiyo Kleiner hakuwa wa kwanza kuifikiri njia hii. Alichokifanya ni kuifanya nyepesi hata ikawezekana kwa kila mtu na kwa kila siku. Alipewa hataza yake mwezi wa Februari 1949, na chombo chake kikatengenezwa na kampuni ya Becton Dickinson kwa jina la Vacutainer, jina ambalo katika hospitali nyingi limekwisha kuwa jina la kila kichupa cha aina hii, awe amekitengeneza nani.

Chombo chenyewe ni cha akili nyingi na sehemu chache. Sindano ina ncha mbili. Ncha moja huingia mshipani. Ya pili, iliyovikwa mpira mwembamba, imo ndani ya kishikio. Kichupa kimezibwa kwa mpira na ndani yake hewa imepunguzwa kwa kadiri maalum. Fundi akiisha kuupata mshipa, husukuma kichupa katika kishikio. Ncha ya pili hutoboa kizibo, na damu huingia mpaka kani ya ndani ilingane na ile ya nje. Hapo husimama yenyewe, bila kuamriwa. Kichupa kikijaa huondolewa, mpira mwembamba hurudi kuifunika ncha, na kichupa kingine huwekwa pasipo kumchoma mgonjwa mara ya pili. Damu haikuona hewa ya chumba wala kidole cha mtu.

Katika maelezo haya msomaji atakuwa ameona kwamba utupu hapa hautumiki kuleta damu tu. Hutumika pia kuipima. Kichupa kilichokusudiwa mililita nne hupokea nne. Jambo hili ni kubwa kuliko lionekanavyo, maana ndani ya vichupa vingi mna dawa iliyotiwa kiwandani, na dawa hiyo hutaka ulinganifu. Kwa kipimo cha kuganda kwa damu, mathalan, sehemu moja ya sitreti huchanganywa na sehemu tisa za damu. Kichupa kikipokea pungufu, dawa huzidi, na mtu mzima wa afya huonekana kama mtu ambaye damu yake haigandi upesi. Vilevile hewa ya nje ikiwa nyepesi, nguvu ya kusukuma hupungua. Kwa sababu hiyo kichupa kijazwacho vizuri Mombasa, ufukoni mwa bahari, hupokea kidogo zaidi kikitumiwa Nairobi, iliyo juu kwa zaidi ya mita 1,600. Hewa ya Torricelli ingali ikitoa hesabu yake.

Dawa hizo nazo zina historia yake. Sitreti ilijulikana katika mwaka 1914, Albert Hustin huko Ubelgiji na Luis Agote huko Argentina walipoitumia kuzuia damu ya kuongezea wagonjwa isigande. Heparini ilitokana na kazi ya Jay McLean, mwanafunzi wa utabibu katika Baltimore, mwaka 1916. EDTA ilitengenezwa kwanza katika viwanda vya Ujerumani katika miaka ya 1930, kisha ikaingia maabarani katika miaka ya 1950, kwa kuwa iliacha umbo la chembe za damu bila kulidhuru. Wakati huohuo mashine zilianza kuchukua nafasi ya macho: Wallace Coulter alipata hataza ya mashine ya kuhesabu chembe mwaka 1953, na mwaka 1957 ikauzwa mashine ya kupima kemia ya damu iliyobuniwa na Leonard Skeggs. Mashine hupenda vitu vilivyo sawa. Kichupa cha Kleiner kilikuwa kimeziandalia njia.

Ndipo rangi zikapata maana. Kwa desturi iliyoenea, kizibo cha zambarau huonyesha EDTA, cha buluu nyepesi sitreti, cha kijani heparini, cha kijivu floridi ya kuzuia sukari isiliwe, na chekundu huwa cha seramu. Tena vichupa hivyo vina mpango wa kufuatana. Cha buluu hutangulia, cha seramu hufuata, kisha cha kijani, cha zambarau na cha kijivu. Mtu asiyejua sababu hudhani kuwa ni adabu tu. Lakini EDTA itumikayo vichupani aghalabu ni chumvi ya potasiamu, nayo huikamata kalsiamu. Tone lake likihamia katika kichupa kifuatacho, maabara itasoma potasiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na daktari aweza kutibu ugonjwa usiokuwapo. Zaidi ya hayo rangi hazikubaliani katika viwanda vyote vya dunia. Kizibo chekundu kilicho cha seramu mahali pamoja ni cha EDTA mahali pengine. Mwenye busara huisoma karatasi iliyobandikwa, hajitegemezi kwa rangi peke yake.

Hata hivyo sindano ibaki sindano. Mafundi wa maabara walikuwa wakiugua homa ya ini kwa kujichoma, na mwaka 1984 ikaandikwa habari ya mfanyakazi wa hospitali aliyeambukizwa virusi vya UKIMWI kwa njia hiyohiyo. Tangu hapo damu ya kila mtu ikahesabiwa kuwa yaweza kuwa na maradhi, awe tajiri au maskini, mgeni au ndugu; glovu zikawa wajibu, na mafundi wakakatazwa kuirudishia sindano kifuniko chake kwa mikono miwili. Mwaka 2000 Marekani ilitunga sheria ya kuwataka waajiri watumie sindano zenye kinga. Kioo nacho kilianza kuondolewa katika miaka ya 1990 na plastiki ikashika mahali pake, kwa kuwa plastiki haivunjiki mkononi. Kwa mujibu wa mafunzo hayo, kichupa kilichobuniwa kwa faida ya damu kimekuwa kwa faida ya mkono uishikao.

Sasa yafaa tujiulize habari ya yule ambaye damu ni yake. Katika nchi zetu swali hili lina historia chungu. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uongozi wa Frederick Johnson yaeleza kwamba mumiani ni kitu cheusi kama utomvu, kilichotumiwa kuwa dawa, na kwamba watu wengi waliamini kuwa ni damu ya wanadamu waliouawa. Uvumi wa mumiani uliwafanya watu wa miji ya pwani wafunge milango yao jua lilipokuchwa. Nairobi na Kampala walitajwa wazimamoto, na katika sehemu za Zambia ya leo walitajwa banyama. Wote walishutumiwa kukamata watu na kunyonya damu yao kwa ajili ya wakubwa. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi haya katika kitabu kilichochapwa mwaka 2000, naye hakuyafanya kuwa upuzi wa wajinga. Aliyasoma kuwa ushahidi wa namna watu walivyoyaona maisha chini ya serikali ya kikoloni.

Nami naona kwamba alifanya vema. Tukiyatazama masimulizi hayo kwa makini, twaona kwamba jambo la kutisha ndani yake si damu kutoka mwilini. Watu haohao walikwenda kwa mumishi kwa hiari yao, wakampa migongo yao, wakamlipa. Mumishi walimjua jina na nyumba. Damu waliiona ikimwagwa mbele yao. Na wakitaka kujua kwa nini, waliambiwa. Mumiani alikuwa kinyume cha hayo: hakujulikana, damu alikwenda nayo gizani, wala hapakurudi jawabu. Basi hofu ilikuwa hofu ya damu iondokayo bila maelezo. Nao wauguzi wa siku hizi wakichukua vichupa vitano bila kusema neno, na majibu yasirudi kwa mgonjwa, hawawezi kumlaumu kwa kunong'ona. Utupu ulio kichupani hujazwa na damu. Utupu wa maelezo hujazwa na uvumi.

Tena yuko mgonjwa asiyeweza hata kunong'ona, naye ni yule aliye mahututi, ambaye huchukuliwa damu mara nyingi kila siku. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini haba na haba pia humaliza kibaba. Maabara hutumia sehemu ndogo tu ya damu iliyomo kichupani, na iliyobaki hutupwa, kana kwamba tumerudi kwa Galen bila kujua. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika vyumba 25 vya wagonjwa mahututi huko Kanada. Vichupa vya kawaida vilibadilishwa kwa vyenye utupu mdogo zaidi, vipokeavyo damu kidogo, na maabara hazikukosa damu ya kutosha kwa vipimo.

Hapa ndipo maana ya pili ya chuku inapodai haki yake. Mwaka 2003 iliundwa huko California kampuni iliyoitwa Theranos, ambayo baadaye ilitangaza kwamba matone machache ya kidoleni yangetosha kwa vipimo vingi sana, na sindano ya mshipani ingesahauliwa. Fedha nyingi zilimiminwa. Mwaka 2015 waandishi wa magazeti walianza kuufunua ukweli, mwaka 2018 kampuni ikafungwa, na mwezi wa Januari 2022 mwanzilishi wake, Elizabeth Holmes, akatiwa hatiani kwa kuwalaghai wenye fedha. Kupunguza damu ni jambo jema, lakini hupatikana kwa kupima na kupimwa, wala si kwa kupiga chuku.

Hata kwa wasemao kweli hapakukosekana funzo. Katika miaka ya 2021 na 2022, kwa ajili ya msukosuko wa UVIKO-19, vichupa viliadimika duniani. Mwezi wa Agosti 2021 madaktari wa Uingereza waliagizwa wasimamishe kwa muda vipimo visivyo vya haraka, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata Marekani ikatangaza upungufu wa vichupa vya kila aina. Mataifa yenye mashine za thamani kubwa yalijikuta yakihesabu vizibo vya mpira. Ikiwa hao walitaabika, nchi inunuayo kila kichupa kutoka ng'ambo ina sababu ya kufikiri.

Mumishi na fundi wa maabara hawakupata kukutana katika vitabu, lakini wote wawili hutumia uzito wa hewa uleule, wala hapana haja ya kumcheka wa kwanza ili kumheshimu wa pili. Mumishi alikosea katika nia ya kuimwaga damu. Hakukosea katika kumtazama mgonjwa usoni na kufanya kazi yake mchana, mbele ya macho yake. Fundi wa leo anayo elimu ambayo mumishi hakuwa nayo. Akiliandika jina la mgonjwa juu ya kichupa mbele ya mwenyewe, akamwambia ni kwa ajili gani, na jibu likarudi kwa aliyeitoa damu, atakuwa amechukua pia kile kilichokuwa chema katika elimu ya kale, na mumiani hatakuwa na mahali pa kukaa.